Wiki sita kwenye kilima cha Howard: Vijana wanaoitafuta njia ya udaktari

Ukishuka treni ya chini ya ardhi katika kituo cha Shaw–Howard U jijini Washington na kupanda ngazi hadi barabarani, joto la mwezi Juni linakupokea kama lile la Dar es Salaam mwezi Februari. Ni joto zito la unyevunyevu, linalolowanisha shati kabla hujafika kona ya kwanza. Mkono wa kulia, hatua chache mbele, upo ukumbi wa Howard Theatre uliofunguliwa mwaka 1910. Mitaa ya upande wa kushoto ina migahawa ya Kiethiopia. Barabara ya 7 inabadilika jina na kuwa Georgia Avenue, inaanza kupanda taratibu, na juu ya mwinuko huo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Howard.

Wageni wengi wa jiji hili hawafiki huku. Huishia Ikulu, jengo la Bunge na makumbusho, wakapiga picha na kurudi hotelini. Lakini kwa familia nyingi za Wamarekani weusi, kilima hiki kinajulikana kwa jambo moja kubwa: kwa zaidi ya miaka 150 kimekuwa kikitoa madaktari.

Hospitali ya chuo iko kando ya Georgia Avenue, mahali ambapo zamani palikuwa na uwanja wa besiboli wa Griffith. Nyuma yake kidogo ni shule ya udaktari. Ukizidi kupanda unafika kwenye uwanja mpana wa nyasi ambao wanafunzi huuita the Yard, na mbele yake maktaba ya matofali mekundu yenye mnara wa saa, iliyokamilika mwaka 1939. Katika miezi ya masomo, uwanja huo hujaa watu. Likizo ndefu ikifika, wanafunzi wa kawaida hufunga mabegi na kuondoka.

Ndipo kwa miaka mingi lilipokuwa likiingia kundi jingine: vijana wa mwaka wa kwanza na wa pili kutoka vyuo mbalimbali vya Marekani, waliokuja kukaa wiki sita tu. Wengi wao hawana daktari katika ukoo. Wengine ndio wa kwanza katika familia yao kuingia chuo kikuu. Hawaji kusomea udaktari. Wanakuja kujifunza namna mtu anavyoufikia.

Njia ndefu kuliko ya kwetu

Kwa mzazi wa Afrika Mashariki, jambo hili linahitaji maelezo kidogo. Tanzania, kijana aliyefaulu vizuri Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha sita huomba udaktari moja kwa moja. Akimaliza miaka mitano ya chuo na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, ni daktari. Kenya shahada hiyo huchukua miaka sita.

Marekani mambo ni tofauti. Kwanza kijana asome shahada ya kawaida kwa miaka minne, ya somo lolote alipendalo, ilimradi humo ndani achukue masomo ya sayansi yanayotakiwa na shule za udaktari. Kisha afanye mtihani wa MCAT, unaochukua takriban saa saba na nusu pamoja na mapumziko. Kisha aombe nafasi, mara nyingi kwenye shule kumi au zaidi, na kila ombi lina ada yake. Aandike maelezo ya kwa nini anataka udaktari, atafute barua za walimu, aonyeshe kwamba amewahi kumfuata daktari kazini, aitwe kwenye usaili. Akipata nafasi, anasoma miaka minne mingine. Baada ya hapo kuna mafunzo ya ubingwa ya miaka mitatu hadi saba.

Katika safari ndefu kama hiyo, kijana anaweza kupotea mapema bila yeye mwenyewe kujua. Mtoto wa daktari huambiwa mezani, wakati wa chakula cha jioni, kwamba alama ya C ya kemia katika mwaka wa kwanza itasomwa miaka mitatu baadaye na mtu asiyemfahamu. Huambiwa ni mwalimu gani wa kumzoea ili aje kumwandikia barua, na ni lini aanze kujitolea hospitalini. Mtoto wa dereva wa basi, au wa mama anayelea wazee kwa malipo ya saa, huyasikia haya akiwa mwaka wa tatu. Wakati huo ile C imeshaandikwa.

Takwimu zinaonyesha matokeo yake. Jumuiya ya shule za udaktari za Marekani ilihesabu mwaka 2018 kwamba madaktari weusi walikuwa karibu 5 kati ya kila madaktari 100, wakati Wamarekani weusi ni takriban 13 kati ya kila raia 100. Jumuiya hiyohiyo ilikuwa imetoa mwaka 2015 hesabu nyingine iliyowashtua wengi. Mwaka 1978 wanaume weusi walioomba nafasi za udaktari nchi nzima walikuwa 1,410. Mwaka 2014, baada ya miaka 36 na idadi ya watu kuongezeka, walikuwa 1,337.

Kilima chenye historia

Ukikaa kwenye benchi la the Yard na kuuliza kwa nini mambo yalifika hapo, majibu mengine yako hapohapo.

Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, watumwa waliotoroka mashamba ya Kusini walimiminika Washington. Kambini mwao kulianzishwa matibabu ambayo baadaye yakawa Hospitali ya Freedmen, yaani hospitali ya walioachwa huru. Chuo cha Howard kilianzishwa mwaka 1867, na mwaka uliofuata idara yake ya tiba ikafungua milango kwa wanafunzi wanane: saba weusi na mmoja mweupe. Masomo yalitolewa jioni kwa sababu mchana wanafunzi walikuwa kazini wakitafuta riziki. Mwaka 1894 hospitali ya Freedmen ikampata mkuu wa upasuaji Daniel Hale Williams, mpasuaji mweusi ambaye mwaka mmoja nyuma, mjini Chicago, alikuwa amemfungua kifua mtu aliyechomwa kisu karibu na moyo na mtu huyo akapona.

Chama kikuu cha madaktari cha Marekani kilikuwa kikiwaacha weusi nje ya matawi yake mengi, kwa hiyo mwaka 1895 wakaunda chama chao. Chama hicho kikuu kilikuja kuomba radhi mwaka 2008.

Kisha ukafika mwaka 1910, uleule ambao Howard Theatre ilifunguliwa pale chini. Mwalimu mmoja, Abraham Flexner, alitoa ripoti juu ya shule zote za udaktari za Marekani na Kanada. Ripoti hiyo inasifiwa hadi leo kwa kuinua kiwango cha elimu ya tiba. Lakini kati ya shule saba za udaktari za watu weusi zilizokuwepo, Flexner aliona mbili tu ndizo zinazofaa kuendelezwa: Howard, na Meharry ya mjini Nashville. Tano nyingine zikafungwa. Mwaka 2020 watafiti walikadiria kwamba kama tano hizo zingeendelea kuwepo, zingeweza kutoa madaktari zaidi ya 35,000.

Kila daktari mmoja kati ya hao angekuwa na watoto, wapwa na majirani wa kuwaambia mezani njia ilivyo. Shule zilipofungwa, na maelezo hayo ya mezani yalipotea.

Hata Howard yenyewe iliwahi kumwacha mtu nje kwa jambo dogo. Charles Drew alizaliwa na kukulia Washington. Wasifu wake husimulia kwamba alipoomba kusomea udaktari Howard alikataliwa, kwa kuwa alipungukiwa na saa chache za somo la Kiingereza katika shahada yake ya kwanza. Akaenda Kanada, akasomea Chuo Kikuu cha McGill. Drew huyo ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa kuhifadhi damu na kusimamia ukusanyaji mkubwa wa damu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1941 alirudi kilimani kuongoza idara ya upasuaji, akawafundisha wapasuaji vijana hadi alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1950, akiwa na miaka 45.

Mtu wa namna hiyo alikwama kwa somo alilopungukiwa. Angekuwepo wa kumwonya mapema, huenda asingelazimika kuvuka mpaka.

Wiki sita zenyewe

Mwishoni mwa miaka ya 1980, taasisi ya hisani ya Robert Wood Johnson ilianza kulipia mpango wa nchi nzima wa kuwaandaa wanafunzi wa makabila yenye madaktari wachache. Jina la mpango huo limebadilika mara kadhaa. Kuna kipindi ulikuwa ukiendeshwa katika vyuo 12, kuanzia Yale na Columbia upande wa mashariki hadi Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, upande wa pili wa nchi. Howard kilikuwa kimojawapo. Tangu mwaka 2016 mpango huo ulipanuliwa na kuchukua pia wanaotaka uuguzi, ufamasia, afya ya jamii na fani nyingine za afya. Vyuo vingine navyo vina mipango yao ya namna hii.

Chakula, malazi na masomo havilipiwi na mwanafunzi, na kwa kawaida kuna posho kidogo.

Asubuhi ni ya darasa. Kuna baiolojia, fizikia, takwimu na kemia ya kaboni, ile ambayo wanafunzi wetu wa kidato cha sita huijua kwa kukosa usingizi. Somo hilo ndilo linalowakatisha tamaa wengi wanaotamani udaktari nchini Marekani, na kwa kawaida husomwa mwaka wa pili. Kijana anayelionja Juni, pasipo alama za kuogopa, analikuta tena Septemba akiwa ameshazoea lugha yake.

Mchana ni wa mambo ambayo hayamo vitabuni. Wanafundishwa kusoma kwa vikundi, kwa sababu wengi walizoea kufaulu peke yao katika shule zisizokuwa na ushindani. Wanafundishwa kumwendea profesa ofisini na kumuuliza swali, jambo ambalo kijana aliyelelewa kuwa mkubwa hasumbuliwi huliona kama utovu wa adabu. Wanafanya usaili wa majaribio. Wanaandika maelezo yao, yanasahihishwa, wanaandika tena. Wanafundishwa pia habari za mikopo, maana daktari wa Marekani aliyekopa ili asome humaliza akidaiwa takriban dola 200,000, na kijana ambaye kwao deni ni aibu anaweza kukimbia udaktari kwa kuiogopa namba hiyo tu.

Kuna siku za kwenda hospitalini. Hawamgusi mgonjwa. Wanasimama nyuma ya daktari, wanatazama anavyovuta kiti na kukaa kabla ya kuuliza, anavyorudia swali kwa maneno mepesi. Siku nyingine wanajaribu kushona kidonda kwenye ngozi ya bandia, mikono ikitetemeka, wakichekana.

Jioni joto likipungua, wanarudi mabwenini. Huko ndiko wanakopata jambo ambalo halimo katika ratiba. Kijana aliyetoka chuo ambacho darasani kwake yuko mweusi mmoja au wawili anajikuta kati ya wenzake waliokuja na ndoto ileile na hofu ileile. Walimu wengi wanaopita mbele yao ni madaktari weusi. Hakuna anayemshangaa akisema anataka kuwa mpasuaji.

Mshahara unaoachwa nyumbani

Kwa familia, wiki sita hizi si bure hata kama chakula na bweni vimelipiwa.

Likizo ya Juni hadi Agosti ndiyo wakati mwanafunzi wa Marekani anapofanya kazi ya kutwa: dukani, kwenye bohari, kwenye nyumba za wazee. Katika nyumba nyingi pesa hiyo inalipia vitabu vya mwaka unaofuata, na sehemu yake inaingia kwenye kodi ya nyumba. Posho ya mpango haiwezi kuziba pengo hilo. Binti mkubwa anayewaangalia wadogo zake mama akiwa zamu ya usiku hana wa kumwachia kazi hiyo.

Kwa hiyo kabla fomu haijatumwa kuna mazungumzo jikoni. Mzazi anauliza mwanawe atalipwa shilingi ngapi, naye anajibu kwamba hatalipwa, atafundishwa. Mzazi anauliza kama akimaliza atakuwa daktari. Jibu la kweli ni hapana. Atakuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, kama alivyokuwa, na miaka isiyopungua tisa bado iko mbele yake. Inahitaji moyo kumruhusu mtoto kwa jibu kama hilo.

Je, mzazi huyo hupata faida? Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani ulilinganisha waombaji wa makundi hayo waliopitia mpango huo na wenzao ambao hawakuupitia. Waliopitia, karibu 49 kati ya 100 walipata nafasi ya udaktari. Wengine walikuwa karibu 42. Tofauti hiyo si ya miujiza. Wiki sita haziwezi kufuta miaka 12 ya shule zenye maabara duni. Lakini katika kila kundi la vijana 100, saba zaidi walivuka, na kila mmoja wao atatibu maelfu ya watu.

Nao wagonjwa wanahitaji. Katika utafiti uliofanywa mjini Oakland, California, na kuchapishwa mwaka 2019, wanaume weusi walipangiwa madaktari bila kuchagua. Waliokutana na daktari mweusi walikubali zaidi vipimo vya kinga, hasa vile vya kuchomwa sindano na kutolewa damu. Hao ni watu ambao huenda wangerudi nyumbani na sukari yao bila kupimwa.

Watoto wa Kiswahili kwenye kilima

Georgia Avenue haiishii Howard. Inaendelea kaskazini hadi Silver Spring, Maryland, eneo lenye Waafrika wengi, wakiwamo Wakenya na Watanzania. Mbali zaidi, katika miji kama Louisville, zipo familia za Wakongo zilizopokewa kama wakimbizi baada ya miaka mingi kambini Nyarugusu, Kakuma au Nakivale. Nyumbani mwao bado huongelewa Kiswahili.

Watoto wa familia hizi wamekuwa wahudumu wa afya kabla ya kujijua. Mama akienda kliniki, mtoto wa miaka 12 ndiye mkalimani, ingawa kanuni zinaitaka hospitali ilete mkalimani wake. Mtoto anatafuta neno la Kiswahili la ugonjwa asioujua hata kwa Kiingereza, na pengine inambidi amwambie mama yake habari ambayo mtoto hapaswi kuibeba. Wapo wanaotoka kwenye chumba hicho wakiwa wameapa kuusomea udaktari.

Hao ndio vijana ambao mipango hii iliwakusudia, na mara nyingi wazazi wao ndio wa mwisho kusikia kwamba ipo. Jambo la kwanza la kujua ni masharti. Kwa kawaida mipango hii ni kwa raia na wenye ukaazi wa kudumu, na mingine huwachukua pia vijana walioletwa Marekani wakiwa wadogo na kupewa kinga ya DACA. Mwanafunzi aliyetoka Nairobi au Mwanza kwa viza ya masomo kwa kawaida hawezi kuomba, na vilevile ajue kwamba ni shule chache za udaktari za Marekani zinazowapokea wanafunzi wa kigeni.

Jambo la pili ni lugha ya fomu. Mwezi Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia vyuo kuzingatia asili ya mwombaji kama kigezo cha kumpa nafasi. Tangu hapo mipango mingi hueleza walengwa wake kwa namna nyingine: aliye wa kwanza kusoma chuo katika familia, mwenye kipato kidogo, aliyekulia kwenye uhaba wa madaktari. Mtoto wa mkimbizi huenda akakuta yote matatu yanamhusu. Aandike hivyo waziwazi, bila kuona haya.

La tatu ni wakati. Maombi ya mipango ya Juni mara nyingi hufungwa Februari au karibu na hapo, na barua za walimu hutakiwa kabla. Anayeanza kuulizia mwezi Mei ameshachelewa mwaka mzima. Kama wasemavyo wahenga, samaki mkunje angali mbichi: mwaka wa kwanza wa chuo ndio wakati wake.

Wiki ya sita ikiisha, mabweni ya kilimani hufungwa na kila mmoja hurudi alikotoka. Kijana hana cheti cha kumwezesha kutibu hata mafua. Septemba atakaa tena kwenye darasa la kemia lenye watu 300, na huenda mtihani wa kwanza ukarudi na alama mbaya, kama unavyorudi kwa wengi. Tofauti ni kwamba safari hii anajua alama moja mbaya huwa inarekebishwa vipi, tena kabla ya tarehe gani. Na kwenye simu yake ana namba za watu wa kuwapigia usiku huohuo.